Maji ya Kifuani Yanaporudi



Sisi watu wa Swima tunaujua mtumbwi unaovuja. Mvuvi huchukua kopo, huchota maji na kuyamwaga ziwani, kisha huendelea kupiga kasia. Maji yakirudi, huchota tena. Lakini yakirudi mara ya tatu, mtu mwenye akili hasemi, “Nipe kopo kubwa zaidi.” Huuvuta mtumbwi mchangani, huupindua, hutafuta tundu.

Leo nataka kusema nawe habari ya maji yanayojaa kifuani mwa mtu. Neno langu ni moja tu. Maji ya kifuani yakirudi, tusirudie jina lile lile na dawa zile zile pasipo kutazama. Tutafute tundu. Na kabla hatujaliona tundu, tusimshtaki mtu yeyote.

MAJI HAYA HUKAA WAPI?

Pafu limefunikwa kwa ngozi nyembamba, mfano wa ile ngozi nyeupe iliyo ndani ya ganda la yai. Ngozi ya namna hiyo hiyo imeshikamana na mbavu kwa upande wa ndani. Kati ya ngozi hizi mbili mna unyevu kidogo tu, ili pafu liteleze vizuri unapovuta pumzi. Ugonjwa ukiingia mahali hapo, unyevu huo huongezeka ukawa maji, pengine lita moja, pengine mbili au zaidi. Pafu hubanwa. Mgonjwa huhema kama mtu aliyepanda mlima na mzigo wa muhogo, kumbe ametoka nyumbani kwenda kisimani tu. Usiku hawezi kulala chali, huketi ameegemea ukuta mpaka asubuhi.

Magonjwa mengi huleta maji haya. Katika nchi yetu kifua kikuu ndicho kinachoyaleta mara nyingi. Moyo uliochoka huyaleta pia, na ini, na figo, na homa ya mapafu. Kansa ya titi au ya pafu ikienea huweza kuyaleta. Tena iko kansa moja isiyoonekana mara nyingi, ambayo huanza katika ile ngozi nyembamba yenyewe. Madaktari huiita mesotelioma.

Usiogope. Siandiki ili kila mwenye kikohozi alie kwamba ana kansa. Mesotelioma ni ugonjwa wa nadra. Kifua kikuu ni cha kila siku, nacho hupona. Dawa zake hutolewa bure, nazo humezwa kwa miezi 6: miezi 2 dawa za namna nne, na miezi 4 dawa za namna mbili. Ukiwa unazimeza sasa, usiache hata kidonge kimoja kwa sababu ya maneno haya. Lakini soma mpaka mwisho.

KOSA LANGU

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikitumika katika kituo kimoja kidogo ambacho sitakitaja. Akaja mzee mmoja, seremala, mtu wa ibada, mwenye maji kifuani upande wa kuume. Maji yalitolewa, yakawa na rangi ya chai iliyochanganyika na damu. Daktari akaagiza dawa za kifua kikuu, akaniambia nimtazame mgonjwa vizuri baada ya miezi miwili. Hapo hapakuwa na kosa. Wadudu wa kifua kikuu huwa wachache sana katika maji ya kifuani, hata vyombo vizuri vya kupimia huwakosa mara nyingi. Kwa hiyo daktari hulazimika kuanza dawa kwa kupima dalili zote kwa akili yake.

Kosa lilikuwa langu. Niliwaambia jamaa zake kwa sauti ya uhakika, “Ni kifua kikuu. Atapona.” Miezi miwili ilipokwisha, alikuwa amekonda kuliko mwanzo. Nikasema, “Hali chakula cha kutosha.” Maji yakarudi, nikamtuma atolewe tena. Miezi sita ilipokwisha, nikamwandikia dawa zile zile upya. Nilikuwa mvuvi yule mwenye kopo.

Sasa sikia matunda ya kosa hilo. Jamaa walikaa usiku, wakasema: “Muuguzi mwenyewe amesema ni kifua kikuu. Dawa ya kifua kikuu amekula mwaka mzima. Haikufaa. Basi huu si ugonjwa wa hospitali, ni ugonjwa wa kutumiwa na mtu.” Unaona jinsi walivyofikiri? Hawakuwa wajinga. Walijenga juu ya neno langu. Jina nililolitaja kwa haraka likawa jiwe mkononi mwa mshtaki. Wakamtafuta mtu, wakampata shemeji yake mzee, mjane asiye na mtoto wa kumtetea, naye ni mwanamke wa kanisa letu. Wakabomoa nyumba yake. Akaondoka usiku na mkeka wake.

Baadaye sana mzee alipelekwa katika hospitali kubwa. Wakatoa kipande kidogo cha ile ngozi ya pafu, wakakipima. Baada ya majuma mengi jibu likaja: mesotelioma. Ndipo mtu akamwuliza swali ambalo mimi sikumwuliza hata siku moja: “Baba, ulipokuwa kijana ulifanya kazi gani?” Akajibu kwamba miaka mingi iliyopita alikuwa akikata kwa msumeno yale mabamba magumu ya kijivu ya kuezekea paa, na vumbi lilimfunika kama unga wa muhogo.

Mzee alimtuma mtu amwite shemeji yake. Yule mjane alikuja. Alimpikia uji majuma matatu ya mwisho, akamshika mkono alipokata roho. Lakini nyumba yake haikusimamishwa tena. Kanisa lilimwombea mzee, wala halikumjengea mjane. Nami nilikuwa katika kanisa hilo.

HABARI YA KIMBERLEY

Kosa la namna hii lilikwisha kutokea mahali pengine kabla yetu. Huko Afrika Kusini, katika mji wa Kimberley, palikuwa na hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu, na daktari wake mkuu aliitwa Sleggs. Dawa mpya za kifua kikuu zilipopatikana, wagonjwa wengi wenye maji kifuani walipona. Lakini Dkt. Sleggs aliona neno la ajabu. Wengi waliotoka upande wa mashariki walipona, bali miongoni mwa waliotoka upande wa magharibi walikuwako ambao hawakupata nafuu. Hakusema kwamba watu wa magharibi hawamezi vidonge. Hakusema kwamba wamelogwa. Alitaka kujua kama huo ni ugonjwa ule ule.

Akasaidiana na Dkt. Marchand, mpasuaji wa kifua, na Dkt. Wagner, mpimaji wa nyama za mwili. Vipande vilipopimwa, ikaonekana kwamba ni mesotelioma. Ndipo wakauliza habari za maisha ya wagonjwa. Upande wa magharibi kulikuwa na vilima vyenye migodi ya asbesto ya buluu. Mwaka 1960 waliandika habari za wagonjwa 33, na wote isipokuwa mmoja walikuwa wamekutana na vumbi hilo. Tena si wachimbaji peke yao. Walikuwamo wachungaji wa ng’ombe na watumishi wa nyumbani, watu waliokaa karibu na migodi walipokuwa watoto.

Ndivyo ulimwengu ulivyojua kwa hakika kwamba asbesto huleta kansa hii. Yote yalianza kwa daktari aliyekubali kwamba jina la kwanza huenda si sawa.

Fikiri pia habari ya kijiji cha Karain, katika nchi ya Uturuki. Huko watu wengi mno walikufa kwa mesotelioma. Familia nyingi za kijiji kimoja zikifa kwa ugonjwa mmoja, katika nchi yoyote watu huanza kunong’ona. Katika miaka ya 1970 Dkt. Barış na wenzake walikwenda kuchunguza. Adui alikuwa katika mawe. Mawe laini ya nchi ile, ambayo watu walijengea nyumba, yalikuwa na nyuzi ndogo za madini yaitwayo erioniti, nazo ziliingia mapafuni. Hakuna jirani aliyekuwa na hatia.

VUMBI LA ZAMANI

Asbesto ni jiwe lenye nyuzi kama katani, tena haliungui kwa moto. Kwa sababu hiyo lilichanganywa na saruji kutengeneza mabamba ya paa na mabomba ya maji. Liliwekwa katika breki za magari, na watu walilizungushia matangi ya moto ya meli na magari-moshi. Likikatwa au kusagwa, hutoa nyuzi ndogo zisizoonekana kwa macho. Mtu akizivuta, hukaa mwilini. Ugonjwa huja baada ya miaka 20, 30, 40, hata 50. Ndiyo maana mtu hakumbuki. Baba zetu walikwenda kufanya kazi Kalemie, Katanga na Kigoma, wengine bandarini Kalundu. Nani anajua kila mmoja alishika nini? Hata mke aliyefua nguo zenye vumbi hilo huweza kuugua.

Shirika la Afya la Ulimwengu linasema kwamba kila namna ya asbesto huleta kansa. Afrika Kusini ilikataza asbesto mwaka 2008. Jirani zetu wa Rwanda wamefanya kazi ya kuondoa mapaa yake ya zamani. Ukiwa na bamba la namna hiyo juu ya nyumba, nalo ni zima, usilikate, usilivunje, usilisugue kwa brashi. Usisage vipande vyake kutengenezea sakafu. Watoto wasivichezee.

Vumbi la migodi ya dhahabu, kama ile ya Misisi, ni neno jingine. Lile huumiza mapafu kwa njia yake, na kumfungulia kifua kikuu mlango, lakini silo linaloleta mesotelioma. Tena tumbako si chanzo cha mesotelioma. Msimwambie mgonjwa, “Umejitakia kwa sigara zako.” Hata hivyo tumbako huleta kansa ya pafu lenyewe, na mtu aliyevuta vumbi la asbesto akavuta na sigara huongeza sana hatari hiyo. Aache.

UGONJWA HUU HUTAFUTWA NAMNA GANI?

Picha ya kifua huonyesha maji, wala haisemi nani ameyaleta. Maji yakitolewa kwa sindano, hutazamwa rangi yake, hupimwa, tena hutafutwa ndani yake wadudu na chembe za kansa. Mara nyingine jibu hupatikana hapo. Lakini kwa mesotelioma, maji peke yake mara nyingi hayatoshi. Hutakiwa kipande cha nyama. Daktari aliyefundishwa hukitoa kwa sindano maalumu kati ya mbavu, akiongozwa na mashine ya kuonea ndani ya mwili, au kwa bomba jembamba lenye taa. Kisha mtaalamu hukitazama kwa mikroskopi. Hata yeye hawezi kusema kwa mara moja, kwa kuwa mesotelioma hufanana sana na kansa iliyotoka katika pafu au mahali pengine. Hutia dawa za rangi, tena za namna mbalimbali, na kulinganisha. Hospitali nyingi hazina dawa hizo za rangi, kwa hiyo kipande hupelekwa mbali na jibu hukawia.

Usikasirike jibu likikawia majuma kadhaa. Jibu linalokawia ni bora kuliko jina la haraka. Mimi ninajua.

“KUNA FAIDA GANI KULIJUA JINA?”

Labda utasema: “Muuguzi, kansa hii haiponi. Kwa nini tuuze mbuzi na nyavu ili tujue jina la kifo?” Swali hili ni la haki, nami sitalipita.

Kweli, mesotelioma kwa kawaida haiponi. Ziko dawa zilizopatikana tangu miaka ya 2000, na nyingine tangu 2020, ambazo huongeza maisha kwa miezi, na kwa wengine zaidi. Ni za bei kubwa, na watu wa kwetu ni wachache sana wanaoweza kuzifikia. Lakini faida za kulijua jina ni hizi.

Kwanza, huenda siyo. Maji yanayorudi huweza kuwa kifua kikuu kilicho sugu kwa dawa za kawaida, au ugonjwa wa moyo, au kansa ya tezi ambayo dawa huiweza. Anayekataa kutafuta huitupa na nafasi ya kupona.

Pili, mgonjwa huachishwa dawa zisizomfaa, zinazomchosha ini na kumtapisha bure.

Tatu, hupata msaada ulio wake. Baada ya kuyatoa maji, madaktari huweza kutia unga safi wa talki katikati ya zile ngozi mbili ili zishikamane, maji yasipate nafasi tena. Maumivu na kuhema hutulizwa kwa mofini ya kunywa. Huko Uganda, tangu Dkt. Anne Merriman alipoanzisha kazi ya Hospice Africa Uganda mwaka 1993, mofini hutengenezwa kuwa maji ya kunywa kwa bei ndogo, nayo hutuliza maumivu ya wagonjwa. Dawa hii si dhambi, wala si upungufu wa imani. Uliza daktari kama inapatikana.

Nne, mtu hutengeneza mambo ya nyumba yake. Hulipa deni, husamehe, huwaita watoto walio mbali.

Tano, kinywa cha mshtaki hufungwa.

Lakini nasema na upande wa pili. Mgonjwa akiwa dhaifu hata hawezi kuketi garini, au fedha iliyobaki ni chakula cha watoto, si dhambi kumtunza nyumbani. Na njia ikifungwa kwa vita, Mungu anajua. Hapo muuguzi aseme kweli: “Tunadhani ni kansa, lakini hatukuthibitisha.” Neno “tunadhani” ni neno la heshima. Laiti ningalilitumia.

NENO KWA MGONJWA NA JAMAA

Ukianza dawa za kifua kikuu, majuma ya kwanza homa hushuka, hamu ya chakula hurudi, mwili hupata nguvu, na maji hukauka polepole. Ikiwa miezi miwili imepita na unazidi kukonda, unazidi kuhema, au maji yamerudi, rudi hospitali. Usirudi mikono mitupu. Chukua kitabu chako cha matibabu, picha zote na majibu yote, hata yale ya zamani uliyopewa kambini Nyarugusu. Sema kila mahali ulipokaa na kila kazi uliyoifanya tangu ujana. Uliza kwa adabu: “Maji yangu yalipimwa? Yalionyesha nini? Je, inafaa kutoa kipande?” Hakuna muuguzi mwema atakayechukizwa. Wala usikubali mtu wa mtaani akuchome sindano kifuani. Anaweza kulitoboa pafu.

NENO KWA KANISA

Wazee wa kanisa, kumbukeni rafiki za Ayubu. Siku saba walikaa naye chini kimya, na hapo walifanya vema. Walipofungua vinywa kueleza sababu ya mateso yake, ndipo walipokosa. Kumbukeni pia wanafunzi walioona kipofu tangu kuzaliwa, wakataka kujua nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana hakuwapa mtu wa kumlaumu.

Basi mtu akisimama katika maombi na kusema ameonyeshwa jina la jirani aliyeleta ugonjwa, mnyamazisheni. Mgonjwa aombewe, na apimwe. Haya mawili hayagombani.

Tena fanyeni jambo moja la mikono. Wekeni sanduku dogo. Mgonjwa akiwa amekwisha kutolewa kipande, mara nyingi hana haja ya kusafiri nacho. Kipande hukaa katika chupa yenye dawa ya kukihifadhi, na chupa husafiri kwa fedha ndogo kuliko mtu na wasindikizaji wake. Nimeona jamaa wakitumia fedha nyingi kwa matanga, nao walishindwa kulipa nauli ya chupa.

Na kama katika kanisa lenu yuko mjane ambaye nyumba yake ilibomolewa kwa sababu ya ugonjwa wa mtu mwingine, msingoje jibu la hospitali. Nendeni Jumamosi hii na miti na nyasi. Nami nina nyumba ya namna hiyo ninayodaiwa.

Bwana awape afya, na awape moyo wa kutafuta kweli.